Moto Hautoki Nje

Sitasema nilimsamehe. Watu wakizeeka hupenda kusimama kanisani waseme wamesamehe, nao hupigiwa makofi. Mimi nikisikia radi ya masika ikinguruma kutoka upande wa Nyandarua, bado namkumbuka yule mwanamke, na bado natabasamu.

Nilizaliwa upande wa Thika, nikaolewa Ruiru muda mfupi kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Mume wangu alipopelekwa kizuizini, mimi na mama yake tulihamishiwa kijiji cha lazima, kimezungushiwa handaki, nyumba zimebanana mtelemkoni kama punje za mahindi. Jirani yetu wa juu alikuwa mke wa gadi, askari mwenyeji aliyewalindia Wazungu kijiji. Sisi tulifunguliwa lango kidogo tu twende kuokota kuni, tena mbichi. Zake zililetwa kavu, zikapangwa chini ya paa tuzione.

Masika ya mwaka ule yalianza kwa hasira. Alasiri moja radi ilipasuka juu yetu hata kuku wakanyamaza, na mvua ikapenya paa letu bovu ikazima moto. Kiberiti kilikuwa kimelowa. Mama mkwe alikuwa na homa ya kifua, amejikunyata kitandani, meno yanagongana. Nikachukua kigae cha chungu, nikapanda kwa jirani na tumbo langu kubwa, nikiteleza kwenye udongo mwekundu.

Kwetu moto haukuwa kitu cha kubembelezwa. Ulikwenda na kigae, ukapiga hodi, ukapewa makaa mawili matatu, basi. Mtu mliyegombana naye ungeweza kumnyima chumvi, hata salamu, lakini si moto. Nilimkuta ameketi karibu na mafiga, moto unawaka vizuri. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Moto?" akasema. "Enda umwombe bwana yako huko aliko."

Akafunga mlango. Nilibaki pale na kigae kikijaa maji ya mvua.

Homa ya mama mkwe ilipungua, ila kikohozi hakikumwacha tena. Kila alipokohoa nilimlaani yule mwanamke upya. Niliomba radi. Naam, nilimwomba Mungu radi moja tu, hata ndogo, ya paa lake.

"Wacha hayo, wewe," mama mkwe alinikemea. "Mungu si askari wa kutumwa."

Alikuwa mpole, mtu wa kanisa, na upole wake uliniudhi. Nilijua ikitokea siku ya kulipa kisasi, yeye ndiye atakayeniharibia.

Nilijifungua mvua zikiwa zimepamba moto. Mtoto wa kiume. Tukafuata desturi ambayo hata waumini hawakuiacha: nyumba yenye mtoto mchanga haitoi moto nje mpaka kitovu kidondoke.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Ilitoboa mapaa, ikafyeka migomba, na maji ya mlima mzima yakaingia kwa mke wa gadi yakageuza jiko lake kuwa kisima. Mumewe alikuwa zamu kituoni. Nilimsikia akienda mlango hadi mlango na kila mlango ukimjibu kwamba moto umezimika. Mwishowe akasimama kwetu, amelowa chapachapa, kigae mkononi.

"Hodi, cucu," akamwita mama mkwe, kama mjukuu amwitavyo bibi yake. "Nisaidie moto. Watoto wanakufa na baridi."

Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyanoa tangu siku ile. Mama mkwe akaniwahi.

"Nikunyime moto, mwanangu? Lakini unaona mwenyewe, kuna mtoto. Kitovu bado. Moto hautoki nje." Akasogeza kigoda. "Kuota ni sawa. Lete watoto. Lete na sufuria, upike hapa."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilidhani amemhurumia.

Lakini jiko la yule mwanamke liliendelea kububujika maji, maana mvua haikukatika. Basi kila siku alishuka mtelemko na sufuria kichwani, akipita milango yote, wanawake wamesimama wakimtazama. Alipiga hodi kwetu. Mama mkwe alimwacha aipige tena ndipo amkaribishe. Alichuchumaa kwenye mafiga ya mke wa mfungwa na kunisalimu kwa adabu: "Umeshindaje, mama mtoto?" Mumewe alipopata habari alimfokea hata safu nzima ikasikia, na kesho yake bado akaja. Angefanya nini? Watoto hawali unga mkavu.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Cucu, hiki kitovu hakijadondoka tu?"

"Bado. Cha huyu ni kigumu. Hata baba yake alikuwa hivyo hivyo."

Alipoondoka sikuweza kujizuia. "Maitu, mama yangu, kitovu kilidondoka asubuhi ya ile mvua ya mawe. Si ulikizika wewe mwenyewe mgombani?"

"Najua nilikokizika."

Akakohoa kwa muda mrefu, mkono kifuani, nami nikangoja.

"Wewe alikunyima akakufungia mlango," akasema. "Mimi nataka auombe mlango ukiwa wazi."

Sikuwa nimewahi kumpenda hivyo. Siku zote zilizofuata mimi ndiye niliyeongeza kuni, moto uwake, wote wauone. Na kila jioni, tukisikia miguu ikiteleza kwenye matope ya juu, mama mkwe alinikumbusha kwa sauti ya chini nimfunike mtoto tumbo vizuri, kisha akanyamaza kungoja hodi ya pili.