Vidonge vya Kitunguu Saumu vya Kaka Yangu

Kaka yangu ana malori ya kubeba mbuzi kutoka mnada wa Oldonyiro, na hajawahi kuamini dawa isiyokuja na maneno mengi. Daktari alipompima na kukuta damu yake imejaa kolesteroli, alimpa tembe za kumeza kila jioni na kumwambia apunguze nyama ya mafuta. Kaka alitii kwa wiki chache. Kisha akakutana na muuzaji mmoja wa vidonge.

Alikuwa mwalimu aliyeacha kazi, mwenye suti ya kung'aa na mkoba uliojaa chupa: mafuta ya samaki, vidonge vya kitunguu saumu, unga wa majani nisiyoyajua. Kaka alimleta nyumbani kwa chakula cha mchana, nami ndiye niliyepika.

"Salaam aleikum, dada," alisema, akaketi kama mkwe. Alieleza jinsi vidonge vyake vinavyosafisha mishipa, huku akijipakulia nyirinyiri, ile nyama yetu iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, mpaka kidevu kikamng'aa kuliko suti.

"Wewe mwenyewe umepimwa?" nikamuuliza.

"Sihitaji kupimwa, dada. Mimi nameza."

Kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba amesikia hekima. Jioni hiyo tembe za hospitali zilikwenda kwenye taka, na sahani yake ikaongezwa nyama. Si anameza?

Miezi ikapita. Asubuhi moja, akisimamia mbuzi wakipakiwa, kifua kilimbana akaanguka vumbini. Dereva wake akamkimbiza hospitali. Nilimkuta kitandani, uso umepauka, akanishika mkono kwa nguvu, nami kwa muda nikasahau hasira zangu. Daktari alisema mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Alipouliza kuhusu zile tembe, kaka aligeukia ukutani. Nikajibu mimi.

Muuzaji alikuja kumjulia hali, na chupa kubwa zaidi.

"Bila vidonge vyangu," alisema, "leo tungekuwa makaburini."

Nilimwambia atoke kabla sijamtoa kwa mikono yangu. Alitoka akitabasamu. Watu wa aina yake huwezi hata kuwatukana.

Kaka alipona. Sasa anameza tembe za hospitali, nikiwa nimemsimamia. Lakini akiketi na wenzake baada ya swala ya alasiri, huwasimulia jinsi alivyochungulia kaburi, na kitunguu saumu kikamrudisha. Wanamsikiliza vinywa wazi, halafu wanaomba nambari ya simu ya yule muuzaji. Juzi mume wangu naye aliiomba.