Hesabu ya shimo nyeusi kwa ukuta wa Mwalimu Liévin

Mwalimu Liévin anafundisha fizike hapa Mudzipela. Wakati wa vita karatasi zake ziliungua mara mbili. Tangu turudi, hesabu zake anaziandika kwa ukuta wa inje wa nyumba, na kipande cha makala, ule mukaa wa kupikia. Anasema: "Karatasi inakimbia na mutu, inapotea. Ukuta inabakia." Watu wa moto, wale wa pikipiki, wakipita wanamuchekelea: "Mwalimu, ile ni dawa ya kufunga wezi?"

Ile hesabu ni ya shimo nyeusi. Alinielezea siku moja: nyota kubwa ikikufa, inajikaza mpaka hata mwangaza hauwezi kutoka ndani. Na ajabu ni hii: kila kitu kinachoanguka mule, habari yake yote inahesabiwa kwa ngozi ya inje, si kwa tumbo. Miaka tatu alitafuta njia yake mwenyewe ya kuonyesha vile.

Kisha profesa mumoja wa Kisangani, Evariste, akatuma habari: jumamosi asubui atapita kuona ile kazi. Ikimupendeza, mwalimu ataenda kuendelea na masomo kule. Mwalimu hakumuambia bibi yake wa ndoa, aliogopa kuchekwa kama mugeni hatafika. Ijumaa akaenda matanga Irumu.

Bibi yake, Mama Dorothée, mama ya mutoto wao Patience, aliona bonane inakaribia. Kwetu, mbele ya bonane, kila mwanamuke anapaka nyumba udongo na mavi ya ngombe, mwaka mupya usikute ukuta muchafu. Ijumaa ile ile alipaka tangu asubui. Mimi nilitazama toka kwa uwanja wetu. Nilizania wameelewana, nikanyamaza.

Magaribi mwalimu akafika. Akasimama. Kofia ikaanguka, hakuiokota.

"Mama Patience... ukuta yangu?"

"Si unaona? Inangaa. Hata aksanti hakuna?"

"Kesho profesa anakuya kuiona. Umefuta miaka tatu."

Mama Dorothée akaangalia mikono yake yenye udongo kama vile si yake. Akakaa chini pale pale. "Weye Papa Patience, mbona haukuniambia? Nilizania ukiisha kuandika, unaweka kwa kichwa, kama batoto ba masomo!"

Udongo ulikuwa ungali mubichi. Mwalimu akashika musumari, akaanza upya. Mustari wa tatu, mukono ukakwama. Nilimuona akipiga paji la uso kwa ukuta, nikavuka toka uwanja wetu kuwafikia.

Ndipo Mama Dorothée, ambaye hakukanyaga masomo hata siku moja, akasema: "Pale juu ya dirisha kulikuwa nyoka mwenye amesimama. Nyuma yake, meza ya miguu mbili."

Tukamugeukia, midomo wazi.

"Munaniangalia nini? Si nafagiaka hapa kila asubui?"

Nyoka. Meza. Mwalimu akatambua alama zake, akaandika. Mama akaonyesha na kidole, pole pole, mpaka pembe ya nyumba. Mustari wa mwisho wa ule upande mwalimu akauandika haraka, peke yake.

"Apana. Quatre, ile ine, ilikuwa chini ya mustari mufupi, si juu."

Mwalimu akasogelea ukuta. Akafuta na dole gumba. "Ni kweli," akasema. "Ngozi yote, unagawanya kwa ine."

"Mambo ya ngozi mi sijue. Andika, giza inaingia. Upande wa jikoni bado, na kule kulikuwa banyoka mingi."