Timu Yangu ya Formula Ilishinda Mpaka Nikakosa wa Kunijibu

Wakuu, amani kwenu nyote. Leo nimekaa na jambo moja rohoni na nimeona nilitue hapa. Sina sababu ya kutia chumvi, maana halinipambi hata kidogo.

Mimi ni mkazi wa Bujumbura, mtaa wa Kibenga, na ni mgonjwa wa Formula, zile mbio za magari. Majina ya timu na madereva sitaji, nawajua humu, uzi utageuka vita kabla sijafika katikati. Timu yangu tuiite ya bluu. Wenye macho mmeshaelewa.

Kuna kabaa kamoja jirani na kwangu, ka Mama Neema, mama wa Kikongo aliyetokea Uvira miaka mingi iliyopita. Jumapili misa zikiisha, tulikuwa tunakutana pale, brochette, yaani mishikaki ya mbuzi, na ndizi za kuchoma mezani, tunaangalia mbio. Tulikuwa kundi zuri tu. Ila mpinzani wangu wa kweli alikuwa mmoja, Papa Aline, shabiki wa timu nyekundu.

Papa Aline ni mtumishi wa serikali, lakini mjini wengi wanamfahamu kwa kazi nyingine. Ndiye anayeitwa kusemea familia kwenye mahari.

Kwa wasioijua Burundi: kwetu bia ya mahari haifunguliwi kimya kimya. Lazima mtu asimame aseme ijambo, yaani hotuba, na upande wa pili nao wasimame wajibu. Asiyejua kujibu anaaibisha ukoo mzima.

Sasa Jumapili moja timu nyekundu ilishinda baada ya ukame mrefu. Papa Aline akasimama na chupa mkononi, akasemea kombe kama anapokea bibi harusi. Kwamba wametoka mbali, wamevumilia mvua na jua, na leo binti amekubali kutoka. Baa nzima tulikufa kwa kicheko. Mimi nikalazimishwa kujibu kwa niaba ya wazazi wa binti.

Ikawa sheria. Dereva wako akishinda, unasimama na kusema ijambo. Walioshindwa wanajibu.

Halafu ikaja miaka yetu sisi wa bluu.

Wakuu, ile gari ilikuwa kitu kingine. Wengine wanachagua tairi wakiomba Mungu, sisi tunachagua tu. Pit stop, pale gari inapoingia kubadilishwa tairi, mtu hujameza nyama, imeshatoka. Na juu ya gari kulikuwa na yule dereva.

Msimamo wangu ulikuwa huu, na bado ni huu: dereva anapimwa na mwenzake wa timu moja. Gari moja, mafundi walewale, tairi zilezile. Mwenzake alikuwa anamaliza nyuma sana, mara nyingine hata kwenye picha za televisheni haonekani. Kama ni gari peke yake, mbona na yeye hashindi?

Papa Aline alikuwa na jibu lake. Siku ya kwanza alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti kama yuko ukweni, akasema:

"Tumesikia, na tumeshukuru. Binti mumemuchukua. Lakini mujue gari ndiyo imeoa. Dereva alikuwa mushenga tu."

Nilicheka mpaka bia ikanipanda puani. Ukweli ni kwamba majibu yake yalikuwa matamu kuliko hotuba zangu. Nilikuwa naomba dereva wangu ashinde ili nimsikie Papa Aline atajibu nini.

Hilo ndilo nilikuwa sijalielewa wakati ule. Nilidhani nafurahia ushindi.

Basi tukashinda tena, na tena. Mbio zikawa zinaisha kwenye kona ya kwanza. Waliobaki wanagombania nafasi ya pili kama watoto wanaogombania ukoko. Nami kila Jumapili nasimama, kichwa kimevimba, naongea. Wakinuna nawapiga na ule msemo, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kusema kweli, hotuba zenyewe zilianza kufanana.

Majibu ya Papa Aline nayo yakafupika. Kwanza akaacha kufunga kifungo. Halafu akawa anajibu amekaa. Mwisho ikawa "tumesikia" tu, macho yakiwa kwenye sahani.

Watu wakaanza kuchelewa. Wakaanza kuuliza kama mpira umeanza. Papa Aline akahamia Gasenyi, kule kaskazini mwa mji, alikojenga, na Jumapili zake zikakatika. Mimi nikasema ni essence. Mnajua hali yetu ya mafuta hapa, gari linaweza kulala kwenye foleni ya station mpaka mwenyewe analisahau. Kutoka Gasenyi mpaka Kibenga kwa ajili ya mbio, nani atafanya hivyo?

Ikafika Jumapili nimeshinda, nimesimama na chupa yangu, nageuka hakuna mtu wa kujibu. Nikamwambia Mama Neema ajibu yeye. Alikuwa anafuta meza.

"Mi nijibu nini, Papa? Hii mashindano yako iko na mutu moja."

"Wamekosa essence tu," nikamwambia. "Watarudi."

"Apana. Papa Aline alikuya hapa juzi, alikunywa, akaenda. Haiko essence. Mutu anachoka kusikia ijambo moja kila dimanche."

Alisema bila ubaya, akabadilisha channel, akaweka mpira. Iliniuma kuliko ningetegemea. Nilimaliza bia yangu nikaenda nyumbani na jua bado linawaka.

Mnaofuatilia mnajua kilichofuata. Hakuna utawala wa milele kwenye Formula. Wengine walipata dawa, gari yetu ikaanza kuyumba. Dereva wangu akawa anapigana kufika nafasi ya nne, na wakuu, naapa, hapo ndipo alipoendesha vizuri kuliko miaka yote ya makombe. Gari bovu ndilo lilinionyesha dereva. Siku moja alilitoa nyuma kabisa kwenye mvua, nikawa nasimama mwenyewe sebuleni, nageuka kulia na kushoto natafuta wa kumwonyesha. Mke wangu akauliza kama nimepoteza kitu.

Kisha timu nyekundu ikashinda. Wa kwanza na wa pili, safi, bila ajali ya mtu.

Nilipaswa kuumia. Nilifurahi kama mtoto. Nikachukua simu hapohapo.

"Papa Aline, mumeshinda. Wa kwanza na wa pili. Sema ijambo, mi niko tayari kujibu."

Akauliza:

"Nani ameshinda?"

"Timu yako. Nyekundu."

"Aa. Ni muzuri." Nilisikia jembe likigonga jiwe, inaonekana alikuwa shambani kwake. "Na yule kijana wetu, bado anaendesha?"

Kijana wao, yule dereva wa nyekundu wa enzi zile, alishaondoka zamani, mpaka kiti chake kimekaliwa na wengine. Nikamwambia. Akasema hakujua, ana muda mrefu hajaangalia. Akaniuliza watoto, akanisifia maharagwe yake. Nikajaribu kumchokoza, nikamwambia leo gari lenu ndilo limeoa, dereva mshenga tu.

"Eh, ulikuwa na haki wewe," akasema. "Dereva yako iko mukali kweli. Haikuwa gari."

Wakuu, hayo maneno niliyatafuta miaka. Alinipa bila kubishana, kama unavyompa mgeni kiti. Nikamuaga, nikazima televisheni kabla hawajapanda jukwaani.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Timu inaweza kukushindia kila kitu, lakini mpinzani haletwi na timu. Ukimpata, mwachie naye nafasi ya kusema, hata kama hana cha kujivunia.

Basi, kama humu kuna shabiki wa nyekundu, au wa timu yoyote isiyo yangu, nasema tena: ilikuwa dereva, haikuwa gari. Nibishieni. Nawaomba.