Baba Mdogo Alipochora Vibanda Vyetu

Harufu ya supu ya mbuzi iliyochanganyika na moshi wa kuni mbichi ndiyo iliyotuamsha nyumbani, kabla ukungu wa Ngorongoro haujainuka juu ya Karatu. Mama alikuwa na mgahawa wa mbao kando ya barabara kuu, ile inayopandisha watalii kwenda kwenye geti la hifadhi. Magari yao yalipita bila kusimama, yakituachia vumbi jekundu. Waliosimama walikuwa watu wetu: wafugaji wa Kakesio waliokuja mnadani, wakiegemeza fimbo zao mlangoni, wakulima wa Mbulumbulu na magunia yao ya maharage, madereva waliokunywa chai wakiwa wima. Mama aliwajua kwa majina. Hata asiyekuwa na kitu alipewa bakuli, kwani Mama aliamini kwa dhati kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Chumba cha nyuma aliishi baba mdogo Elisante, mdogo wake marehemu baba yangu. Alitoka Machame akiwa kijana, akapata riziki kwa kuchorea maduka ya vinyago picha za twiga na simba. Masika niliyokuwa darasa la tano, walipita watu wenye vizibao vya njano na kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye kila kibanda cha upande wetu. Barabara ingepanuliwa. Siku ileile baba mdogo aliwaacha twiga wake.

“Shemeji, wanatubomoa kwa kuwa hawatuoni,” alimwambia Mama. “Wakituona, watasita.”

Mama alikuwa akikanda unga wa chapati. “Basi chora, shemeji. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe.”

Akachora masika yote, kwa penseli na mkaa, juu ya karatasi za manila. Nilizoea kumkuta akiwa amekaa juu ya ndoo, mvua ikigonga bati, macho yake hayabanduki kwenye duka la Mangi ambako mafuta ya kula yalipimwa kwa kikombe, au kwenye bucha ya Mzee Tluway na kisu chake kilicholika kwa kunolewa. Alichora kinyozi, fundi cherehani na muuza loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Alimchora na Mama akiinamia sufuria, mvuke ukimfunika nusu ya uso. Nilipoiona picha ile nilitaka kulia, kwa maana sikuwahi kujua kwamba mama yangu ni mzuri kiasi kile.

Picha zilitundikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wenye vibanda walikuja na nguo za Jumapili, wakawa wanajitafuta ukutani na kucheka kama watoto. Alasiri akaja mkubwa mmoja wa mradi wa barabara. Alizitazama zote bila haraka, na nikauona uso wa baba mdogo uking'aa kwa tumaini. Kisha akampa mkono.

“Hongera sana, msanii. Umetusaidia. Sasa hata tukibomoa, kumbukumbu mnayo.”

Mzee Tluway aliichukua kofia yake, akasimama mbele ya baba mdogo. “Kumbe ulituchora kama marehemu,” alisema, akatoka.

La kuvunda halina ubani. Katapila lilikuja asubuhi, supu ikiwa motoni. Mama aliiepua sufuria kwa mikono mitupu, akakaa nayo ng'ambo ya barabara huku mbao zikivunjika. Hakulia. Tulijaribu kibanda kingine mtaa wa nyuma, lakini wateja hawakutufuata huko, na kabla ya mavuno Mama alirudi Mbulumbulu kulima shamba la kaka yake. Baba mdogo hakushika penseli tena, wala twiga hakuwachora. Alibeba mizigo sokoni, akanywa sana, akafa kwa ugonjwa wa kifua.

Mwaka jana nilimleta Mama hospitali ya Karatu. Baadaye tulitembea kandokando ya lami pana, akitafuta mahali lilipokuwa jiko lake, asipapate. Tukaingia kwenye hoteli ya vioo. Zamani mtu alikaribishwa kabla hajaketi, akaulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za mvua. Pale binti alitupa orodha ya vyakula akiwa anatazama simu yake. Chipsi zilikuja zimepoa. Mfugaji mmoja mwenye shuka alichungulia mlangoni, mlinzi akamwashiria aende zake, na Mama akaisukuma sahani yake pembeni.

“Zile picha za shemeji ziliishia wapi?” aliniuliza.

Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. Nilimwambia kwamba baba mdogo alizichoma moja baada ya nyingine, ile Julai ya baridi kali, alipokuwa mgonjwa na hana kuni.

Mama alitazama nje, magari ya watalii yakipita.

“Afadhali,” alisema. “Angalau aliota moto.”