Zile pointi nane ni zangu

Leo nimerudishwa Bongo bila tiketi, sahani ya pilau mkononi.

Tulikuwa kwa Rashidi, Quakers Hill, huku ughaibuni, timu nzima ya besiboli. Kama kawaida yake akaanza kusimulia ile nusu fainali: tuko nyuma nane bila, tukaja kushinda tisa kwa nane.

Watu wanaigiza mapigo kwa vijiko. Mimi nakula tu.

Mgeni wetu, Mrundi mmoja wa Seven Hills, akauliza: "Sasa nani alikuwa anarusha mipira mibovu hivyo mwanzoni?"

Vijiko vikatulia.

Ni mimi.

Wote wakainamia sahani. Rashidi, rafiki yangu tangu Tanga jamani, akanitupia jicho, akasema:

"Ah, yule? Alisharudi Bongo."

Mgeni akacheka. "Afadhali!"

Uongo wenyewe haukuniuma. Kilichoniuma ni mdomo wangu kuitikia: "Eeh, alirudi."

Akaomba kachumbari. Nikamsogezea.

Najua Rashidi alitaka kunisitiri. Nimshukuru au nimnunie? Semeni nyie.

Ila zile nane wapinzani walizipata kwenye mkono huu. Bila mimi, leo akina Rashidi wangekuwa wanasimulia nini?