Si Ndugu, Ni Binamu

Nilimjibu yule dokta kwa hasira. Mwanangu nimempakata, keshatimiza mwaka na shingo haijakaza, yeye ananiuliza kama mimi na mume wangu ni ndugu.

"Astaghfirullah! Ndugu tutaoanaje?"

Kwetu ndugu wa kukatazwa ni yule mliyenyonya naye titi moja. Mume wangu ni mtoto wa shangazi yangu, yaani binamu, na nani asiyejua kuwa binamu nyama ya hamu? Dokta, mwanamke wa bara, akaandika hapana, akamtoa mtoto damu ipelekwe kwa watafiti ng'ambo.

Majibu yalikawia miezi. Siku aliyoniita alianza kwa kunieleza kazi yao. Wana kipande cha kioo kimejaa vidoa vidogo mno, kila kidoa kimebandikwa kipande cha DNA wanachokijua. DNA ya mtoto hutiwa rangi ya kung'aa, ikamwagwa juu yake. Kipande kikikuta mwenzake hunasa, na mashine husoma mng'ao. Kila mtu ana nakala mbili za DNA, ya mama na ya baba, na mng'ao huonyesha wapi zinatofautiana.

"Kwa huyu," alisema, "kuna sehemu ndefu nakala zote mbili ni ile ile, kama zimetoka kwa mzee mmoja. Nakuuliza tena, mama. Babu yenu ni mmoja?"

"Naam, mmoja. Si ungeuliza hivyo tangu mwanzo!"

Hakukasirika. Alisema watafiti watazilinganisha sehemu hizo na za watoto wengine wenye maradhi haya, na pale zinapokutana ndipo wataitafuta kasoro. Nikauliza dawa. Akasema dawa haipo. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Nilipofuta machozi nikamwambia kuwa mdogo wangu keshachumbiwa na mdogo wa mume wangu. Akasema si lazima yawafike na wao, lakini wapimwe kwanza kama na wao wanazo sehemu hizo.

Nikatoka kwangu Malindi, pale mjini, nikavuka kisiwa mpaka Jambiani, kwa shangazi, ambaye ndiye mkwe wangu. Shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza yote.

"Kioo ndo kije kinifunze ukoo wangu?" alisema. "Mwanao kapata jicho la watu. Sema tu una choyo, hutaki mwenzio aolewe."

Mama yangu alikuwapo, anafunga mwani kwenye kamba, na hakunyanyua uso. Mume wangu aliniambia nsiwavunjie wazee heshima. Uchungu wa kunyamaziwa na mama ulinizidi wa matusi ya shangazi.

Nikamwita mdogo wangu mwenyewe chumbani. Alikuwa na hina mbichi miguuni.

"Dada, yako yashakukuta," alisema. "Mimi usinitilie nuksi."

Wakaoana. Pilau ya harusi nimeipika mimi, kwa mikono hii, na kila aliyepita jikoni alinitania mbona nimenuna. Ningesema nini tena? Nshasema.

Mtoto wao alipokuwa na miezi minne walikuja kunionyesha. Mdogo wangu kanenepa, kapendeza, anacheka toka mlangoni.

"Mshike, dada! Mtoto gani huyu, halii hata kidogo."

Nikampokea. Kichwa kikaniangukia kwenye kiwiko, chote, kizito. Mdogo wangu alikuwa ananitazama usoni, anasubiri niseme mashaallah.