Mapigo ya Misa

Siku ile wanawake walikuwa mtoni wakiloweka muhogo, Baba Furaha alikuwa juu ya paa lake akibadilisha nyasi, na mimi nilikuwa nikisugua kutu kwenye rimu ya lori iliyoning'inia kando ya kanisa. Rimu hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Nilipewa kazi ya kuigonga nilipomaliza sekondari na kukosa kazi nyingine.

Kijijini kwetu, mashariki mwa Kongo, hata watoto wasiojua kusoma waliyajua mapigo. Moja moja, polepole: njooni misa. Mawili mawili, kimya katikati: kuna msiba. Mfululizo bila kupumua: kimbieni.

Wenye bunduki walipanda kutoka bondeni mchana. Hakukuwa na haja ya kugonga, risasi zao ziliwatangulia. Watu waliingia kwenye mashamba ya muhogo. Mimi nilichelewa nikihangaika kuficha kikombe cha misa, wakanikuta mlangoni.

Kamanda wao alikaa kwenye kiti cha padri akala ndizi zetu mbivu. Alitafuna mdomo wazi, akatupa maganda chini ya altare, akapangusa vidole kwenye kitambaa cheupe. Mpaka leo mtu akila ndizi karibu nami, nahama kiti.

"Wenzako hawako mbali," alisema. "Waite."

Alikuwa mgeni. Hakuyajua mapigo.

Nilishika nondo ya kugongea.

Niligonga moja moja, polepole.

Kwetu hatari ikipita tuliitana kwa misa ya shukrani, kwa hiyo hawakusita. Baba Furaha alitangulia. Alikuwa akichomeka shati ndani ya suruali, kwa kuwa misani hakuna aliyeingia na shati nje.

Waliuawa pale uani, mbele ya kanisa. Mimi waliniacha. Nilikuwa nimewafaa.

Tangu hapo sikuweza kukaa mahali. Nilipita kambi mbili na miji ambayo mingine nimesahau majina yake, mpaka padri mzee Mjerumani, aliyewahi kuhudumu kwetu, akanitafutia njia ya kwenda kijijini alikozaliwa. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Nilipewa chumba katika shule ya zamani na kazi ya kufagia kanisa na kukata nyasi za makaburini.

Kilikuwa kijiji kidogo, nyumba chache kuzunguka bwawa la bata. Kuta zilikuwa za boriti zilizojazwa udongo, kama zetu kabisa, ila zao zilikuwa na umri wa mamia ya miaka na maua madirishani. Palikuwa na tanuri la mkate la kijiji kizima, likiwashwa Jumamosi, na jiwe lenye majina ya vijana wao waliokufa katika vita viwili vikuu. Nililipenda jiwe lile. Wa kwetu hawana hata kibao.

Bibi Hilde, ambaye baba yake alikuwa mgonga kengele wa kanisa, ndiye aliyewatembeza wageni. Jumapili moja alinitembeza mimi peke yangu. Mnarani alinionyesha mahali palipokuwa na kengele kubwa. Serikali ya wakati wa vita iliichukua ikaiyeyusha kutengeneza silaha. Iliyobaki ilikuwa ndogo. Tukashuka mpaka nyumba iliyo mkabala na bwawa, ambayo sasa inatunza majembe na mikokoteni ya zamani. Nikamuuliza ilikuwa ya nani.

Alisema ni ya Wayahudi wawili ndugu, wauza ng'ombe, na familia zao. Walichukuliwa siku moja saa sita mchana. Alikuwa mtoto, ila anakumbuka, kwa sababu walipokuwa wakipandishwa kwenye gari kengele ilikuwa ikilia.

"Baba hakuwahi kukosa kugonga saa sita," alisema. "Hata siku moja. Hata siku ile."

Alisema hivyo kwa fahari, kisha akanionyesha bata.

Nilirudi chumbani. Nilimchukia yule mzee aliyevuta kamba watu wakiondolewa chini ya mnara wake, nikamchukia binti yake na maua ya madirishani. Nilifagia kanisa wiki nzima bila kumsalimu. Ndipo nikaona ninachokifanya. Yule mzee hakumwita mtu. Mimi niliita.

Niliondoka kabla ya baridi. Miaka baadaye kaka yangu aliyetangulia Kanada aliniombea njia ya kuja Toronto, nikafanya kazi viwandani, nikahama vyumba kila mwaka.

Kwenye misa ya Kiswahili, Jumapili moja, mwanamke alinishika mkono kwa nyuma. Alikuwa Mama Furaha. Alilia, akanipeleka kwake Mississauga, kando ya Toronto, gorofa ya kumi na moja, akanipikia ugali na sombe, majani ya muhogo. Furaha, aliyekuwa mtoto wa mgongoni siku ile, sasa alikuwa akisoma chuo. Aliulizwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza kwamba anachelewa, akatoka.

Nilikwenda pale Jumapili nyingi. Mama Furaha alikuwa na jambo moja tu alilotaka kulijua kabla hajafa: nani alimtoa mumewe shambani. Kwa miaka mingi alikuwa amejiambia kwamba ni askari waliogonga. Kisha akaanza kuyafikiria mapigo.

"Yalikuwa sahihi mno, ndugu yangu," aliniambia. "Askari angegonga ovyo. Wewe ndiye uliyekuwa na nondo. Ulimfundisha nani?"

Jina lilikuwepo tayari mdomoni mwangu. Kijana mmoja wa kwaya, marehemu, asingeweza kukanusha. Sahani ilikuwa mbele yangu, ugali bado wa moto. Nilimkumbuka Bibi Hilde akigeuka kunionyesha bata.

"Sikumfundisha mtu," nilisema.

Aliangalia mikono yangu. Chini, barabarani, magari yalikuwa yakipita.

"Ungeweza kugonga ya kukimbia?"

"Ningeweza. Kamanda hakuyajua."

"Basi kwa nini?"

Nimejiuliza swali hilo katika kila chumba nilicholala. Niliogopa kwamba haraka ya mapigo ingemshtua. Hilo ndilo jibu lote. Nilimpa hilo, nikasikia lilivyo dogo.

Alichukua sahani yangu, akamwaga chakula kwenye pipa la taka, akaiosha, akaifuta, akairudisha kabatini. Kisha akafungua mlango, akasimama kando.

Nilipofika kizingitini alisema, bila kuniangalia, "Nilimwambia asubiri nimfunge mtoto. Akasema misa itaanza."

Nilikuwa nimekuja na shati nje. Ndani ya lifti, bila kufikiri, nilijikuta nalichomeka. Nikalitoa.